Wanambuzi Kumi na Wawili wa Kupanda Ndege

Malaba,
22 Aprili 2025

Mwanangu Kadija,

Barua hii anakuletea Amuron, mke wa mwanangu, yule anayepeleka maziwa Busia kila asubuhi. Nilijaribu simu kwanza. Mwanamume akapokea, na masikio yangu unayajua, yanashika nusu ya neno na kuacha nusu. Nikasema, "Nataka Kadija." Akasema, "Bashir hapa." Nikasema, "Kadija." Akasema, "Bashir!" Tukaendelea hivyo kama watu wawili waliopotezana sokoni, mpaka salio langu likaisha. Karatasi haina shida hizo, na tena inampa mtu nafasi ya kueleza jambo hadi mwisho.

Pole tena. Tangu tulipomzika Hussein, kila lori la samawati likipita hapa mpakani nageuka kutazama nani yuko kwenye usukani.

Najua uko eda, na kwamba mjane wa Kiislamu hasafiri wala halali nje ya nyumba ya mumewe mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Sikuombi uvunje chochote. Nataka uamuzi tu. Wale wanambuzi wa maziwa mlioniachia wako wote kumi na wawili na wanakula vizuri. Sista Gaudencia, yule aliyekuwa hospitali ya Nangina kabla ya kuhamishiwa Sudan Kusini, ameuliza kama mpango wa kuwapeleka kwake bado upo. Anataka maziwa kwa watoto wa wadi yake. Barabara za kwao zimo majini tangu mwaka jana, kwa hiyo lori halifiki. Ni ndege ya mizigo kutoka Eldoret, au tuache kabisa. Anasema hawa wakifika salama ataagiza wengine kila msimu, na yule atakayewafikisha ndiye atakayefanya kazi naye.

Je, niendelee kuwatunza au niwauze?

Wako,
Mzee Olinga


Busia,
24 Aprili 2025

Mzee Olinga,

Shikamoo. Usiwauze. Ukisikia mtu yeyote, hata awe wa nyumba hii, anasema wauzwe, usikubali.

Wanambuzi hao niliwachagua mimi, mmoja mmoja, kwa akina mama wa Amukura. Hussein aliendesha gari. Alikuwa akiniambia, "Wewe angalia kiwele cha mama yake, mimi naangalia matairi." Sasa Bashir, mdogo wake, anasema kila kilichokuwa cha kaka yake kiko chini ya uangalizi wake. Simu yangu anakaa nayo yeye, eti wateja wasipotee. Lango la ua amelitia kufuli, eti usalama wa mjane. Ufunguo uko mfukoni mwake.

Eda yenyewe hainichoshi, Mzee. Naikaa kwa hiari, kwa ajili ya dini yangu na kwa ajili ya Hussein. Kinachonikosesha usingizi ni kinachonisubiri ikiisha. Bashir anataka kunioa niwe mke wa pili. Dini haimpi haki hiyo nikikataa, naye anajua, ndiyo maana hasemi na mimi. Anasema na mama yake, kwa sauti ya kunifikia. Mama mkwe hajibu ndiyo wala hapana. Anauliza kama chai iko tayari.

Nieleze mwanambuzi anasafirije kwa ndege. Nieleze yote. Na mtu anayewasindikiza anakaa wapi?

Kadija


Malaba,
2 Mei 2025

Mwanangu Kadija,

Umenifurahisha kuuliza. Watu wengi wanadhani mbuzi hupakiwa ndegeni kama gunia la mahindi. Sivyo.

Kwanza umri. Mwanambuzi asiyekauka kitovu hapandi kabisa. Aliyekauka lakini bado ananyonya hapandi bila mama. Anayefaa ni aliyekwisha kuachishwa ziwa, anayekula majani na kucheua. Wetu wamefikia hapo. Wakizidi kukua, hata hivyo, makasha hayatawatosha, na ndege imetupa nafasi ya makasha manne tu. Kwa hiyo hatuna muda wa kuchezea.

Pili kasha. Fundi wa hapa Malaba ameshaniundia. Kipimo ni hiki: mnyama aweze kusimama kichwa kikiwa juu, aweze kugeuka, aweze kulala. Asiweze kuruka. Akipata nafasi ya kuruka atajivunja mguu ndege ikiyumba. Pembeni ni fito zenye mwanya wa kupitisha hewa, lakini usiopitisha kwato. Chini ni maranda ya mbao, yanywe mkojo, maana harufu ya mkojo katika chumba kilichofungwa huchoma mapafu.

Tatu baridi. Wanambuzi wakisikia baridi hupandana, na wa chini hukosa pumzi. Wengi wanaosemekana kufa kwa hofu ya ndege wamekufa kwa kulaliwa na ndugu zao. Kwa hiyo watatu kwa kasha, si zaidi, na mtu wa kuwatenganisha.

Nne mazoea, na hapa ndipo watu hukosea. Tangu wiki iliyopita nawalisha ndani ya makasha, mlango ukiwa wazi. Siku ya safari kasha litakuwa nyumba yao, si mtego.

Kuhusu msindikizaji, hilo ni jambo dogo. Atapatikana mwanamume yeyote mwenye koti zito.

Mzee Olinga


Busia,
6 Mei 2025

Mzee,

Nimesoma maelezo yako mara nyingi, Amuron akanicheka: "Aki mama Kadija, mtu anaweza kudhani ni barua ya mapenzi!" Nikamwambia ni ya makasha. Akasema, "Basi mzee amezeeka kabisa."

Nimepima chumba changu. Nasimama kichwa kikiwa juu. Nageuka. Nalala. Kuruka sijajaribu.

Dirisha langu linatazama ua. Zamani niliona malori yakiingia na kutoka. Sasa naona lango. Jana Bashir alimleta mtu wa kupaka rangi chumba cha pili. Mama mkwe akamuuliza, "Chumba cha nani hicho?" Akasema, "Cha familia, Mama." Mama akamtazama mpaka akatoka nje mwenyewe.

Uliandika juu ya koti zito. Koti lipo. La Hussein, lile la kijani alilovaa kupitia baridi ya Burnt Forest. Nimelivaa. Linanitosha vizuri kabisa, hata mikono.

Na pasipoti ninayo.

Kadija


Malaba,
19 Mei 2025

Mwanangu Kadija,

Asante kwa habari ya koti. Amuron atalichukua Jumatano alete huku, tumpe msindikizaji. Ni vizuri kitu cha marehemu kiwe na kazi.

Wanambuzi sasa wamezoea mno. Asubuhi nafungua milango yote, natikisa majani nje, hawatoki. Wanatoa vichwa, wanatazama, wanarudi ndani. Jana nilimvuta mmoja kwa miguu, akalia kama anapelekwa bucha. Nimepunguza chakula cha ndani ili wakumbuke uwanja.

Sasa habari kubwa. Wakala wa mizigo wa Eldoret ametupa tarehe: Jumatatu, 9 Juni, asubuhi. Baada ya hapo hana nafasi mpaka Agosti, na Agosti hawa watakuwa mbuzi, si wanambuzi.

Nilikuwa nimefikiria kukuuliza kama ungependa angalau kuja Malaba kuwaaga. Nikachukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa za mifugo, nikahesabu tangu 31 Januari. Miezi minne inafika 31 Mei. Siku kumi zinafika 10 Juni. Siku ya ndege utakuwa bado ndani. Nilisikitika sana kwa ajili yako.

Bashir alikuwa ameketi hapo hapo karibu yangu. Alikuja na sukari na majani ya chai, kijana wa heshima. Alinitazama nikipeleka kidole kwenye tarehe, akasema, "Ni kweli, Mzee. Masikini shemeji. Bado atakuwa ndani." Kisha akasema, "Lakini kazi ya kaka isife. Nitawapeleka mimi." Kwetu sisi Wateso mjane husemewa na shemeji yake, na niliona ni jambo jema. Nikampa mkono mbele ya majirani, na jina lake nimelipeleka kwa wakala. Nafasi ya msindikizaji ni moja tu.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kila kitu kiko tayari.

Mzee Olinga


Busia,
20 Mei 2025

Mzee Olinga,

Koti situmi.

Hussein alifariki siku mwezi wa Shaaban ulipoandama. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya duka la dawa. Shaaban, Ramadhani, Shawali, Dhulkaada, kisha siku kumi za Dhulhija. Ukiandama tunavyotazamia, natoka eda Idd, Jumamosi. Ndege ni Jumatatu. Wewe umenifungia ndani siku ambazo Mungu hakunifungia.

Hukujua, na sikulaumu kwa kutojua. Lakini Bashir anajua. Wiki iliyopita alisimama nje ya mlango wangu akasema, "Shemeji, unatoka na Idd, sivyo? Basi mwaka huu tutachinja mara mbili." Akacheka. Halafu akaja kwako akatazama kidole chako kinavyokosea, akakuitikia.

Mzee, nilikuuliza msindikizaji anakaa wapi. Nilikwambia koti linanitosha. Nilikwambia nina pasipoti. Ulidhani nakwambia nini?

Sista Gaudencia amesema atafanya kazi na atakayewafikisha. Akiwafikisha Bashir, biashara ni yake, na mimi nitakuwa kitu kimoja kilichobaki katika mali ya kaka yake. Sina kingine kitakachonitoa katika nyumba hii.

Kadija


Malaba,
24 Mei 2025

Mwanangu Kadija,

Nimekuwa nikieleza watu mambo ya mifugo kwa miaka arobaini, shambani na ofisini. Wewe uliniuliza swali moja, nikakujibu mengine yote.

Nimefanya hivi. Nilimpigia wakala, Amuron akiwa sikio langu. Wakala anasema jina linaweza kubadilishwa hadi Ijumaa kabla ya safari, lakini aliyeandikishwa lazima ajitoe mwenyewe. Nikamwita Bashir. Nikamwambia wazi kwamba nilihesabu vibaya na kwamba yeye alijua. Hakukana. Akasema, "Mzee, ulinipa mkono mbele ya watu. Sasa unaurudisha?"

Mkono niliutoa kweli, na sitasema sikuutoa. Pia siwezi kumpeleka polisi kwa kuniitikia tu nilipokosea. Lakini nimemwambia jambo moja ambalo hakuweza kulikataa: anayesafiri na wanyama lazima afundishwe kazi. Atakuja Jumamosi ijayo, siku nzima. Nimemwambia ale vizuri kabla ya kuja.

Usipakie chochote bado. Lakini usimpe mtu koti.

Mzee Olinga


Busia,
1 Juni 2025

Mzee, shikamoo.

Ulimfanya nini Bashir?

Jana alirudi kutoka Malaba akapita moja kwa moja hadi jikoni kwa mama yake. Ukuta wetu ni mwembamba, nilisikia yote.

"Mama, hiyo ndege haina dirisha!"

"Unataka dirisha la nini? Unaenda kuuza mandazi?"

"Mtu anakaa kwenye wavu, Mama. Wavu! Kama samaki wa Osieko. Na mbuzi wako hapa, hapa, kwenye magoti."

"Si wewe ulijisifu mpaka msikitini? Kila mtu Busia anajua Bashir anapanda ndege."

"Ndege ya watu, Mama. Mzee yule ameniambia mambo... Ameniambia polepole sana."

Mama mkwe alicheka, Mzee. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Januari. Halafu akasema, "Mwenye mbuzi ni nani?" Akauliza tena: "Bashir. Mwenye mbuzi ni nani?"

Leo asubuhi nimeikuta simu yangu kizingitini. Imechajiwa.

Niambie ulisema nini.

Kadija


Malaba,
3 Juni 2025

Mwanangu Kadija,

Sikumdanganya hata kidogo. Hilo ulijue kwanza. Nilimweleza tu, na sikuacha kitu.

Nilianza na kupaa, kwa sababu kila jambo lina mwanzo wake. Nilimweleza kwamba ndege ndogo ya mizigo inapokutana na hewa ya joto huanguka kidogo, kisha hujishika, na kwamba kuanguka huko ni jambo la kawaida. Akauliza kidogo ni kiasi gani. Nikamweleza. Kisha nikaeleza masikio, jinsi yanavyoziba, na jinsi ninavyodhani mbuzi ana nafuu kuliko binadamu kwa kuwa anacheua. Nikaeleza kwamba mmoja akilia wote hulia, na kwamba chumba ni cha bati. Nikamweleza afanye nini mwanambuzi akilaliwa: aingize mkono katikati ya fito, ashike shingo, si sikio, huku mwili wake mwenyewe ukiwa umefungwa mkanda. Nikamwambia ajaribu. Tukamtia kati ya makasha mawili, nikafunika turubai juu apate picha ya giza lenyewe, na mimi na Amuron tukatikisa.

Alitoka akaketi chini. Kisha akasema, "Mzee, mimi hata lifti ya hospitali siingii. Napanda ngazi."

Nikamwambia si aibu. Akasema jambo jingine, nalo nakuandikia kwa sababu ni haki yake. Akasema, "Watu wananiona mwizi. Lakini kaka amekufa, mama ni wangu, malori ni mabovu. Shemeji akiondoka na akili yake, sisi tunabaki na nini?" Sidhani ni mtu mbaya. Ni mtu aliyeogopa, akashika kila kitu kwa pamoja, na wewe ukiwa humo.

Amempigia wakala mwenyewe na kujitoa. Jina lako limeingia. Akaniambia, "Akirudi tutaongea mambo ya nyumba." Alitaka niitikie. Sikuitikia. Hilo si langu kukusemea.

Amuron atakuja na gari Jumapili asubuhi. Njoo na koti.

Mzee Olinga


Sudan Kusini,
19 Juni 2025

Mzee Olinga,

Sista atapiga picha karatasi hii na kumtumia Amuron, mtandao ukipatikana. Mwambie aisome kwa sauti kubwa.

Wamefika wote kumi na wawili. Yule mwekundu mwenye ndevu alilaliwa mara mbili. Niliingiza mkono nikamshika shingo, si sikio. Ndege ilianguka kidogo kama ulivyomweleza Bashir. Nilipiga kelele, wanambuzi wakapiga kelele, tukawa sawa. Watoto wa wadi waliletwa mlangoni kuwaona. Kuna mmoja, mwembamba kama ufito, aliuliza hawa ni mbwa wa aina gani. Sista Gaudencia ameagiza wengine wa msimu ujao, na ameagiza kwangu.

Nataka kukwambia nilivyotoka. Idd jioni Mama mkwe aliingia chumbani kwangu na mafuta ya nazi, akanipaka nywele kama mtoto. Alimwita Bashir, akanyoosha kiganja, Bashir akaweka ufunguo juu yake. Hakusema neno kuhusu ndoa. Aliniuliza, "Utarudi?" Nikasema, "Nitarudi, Mama." Akasema, "Sawa," akaendelea kunisuka.

Ndege ilishusha mizigo ikaondoka, irudi kunichukua Ijumaa. Alhamisi mvua ikaanza. Sasa kiwanja kiko chini ya maji. Vijana wanavua samaki pale tuliposhukia. Hospitali imezungukwa na tuta la udongo, kama Budalang'i wakati mto Nzoia umefurika, na nje ya tuta hakuna pa kukanyaga. Naweza kulizunguka lote kabla chai haijapoa. Rubani anasema labda wiki mbili. Labda mpaka mvua ziishe.

Kwa hiyo nimekwama, Mzee. Asubuhi nawafundisha akina mama kukata majani na kuosha vyombo vya maziwa. Mchana nakaa juu ya tuta na koti la Hussein magotini, naye mwekundu analitafuna kola. Hakuna anayejua mimi ni mke wa nani wala nitakuwa wa nani. Wananiita Mama Mbuzi. Mara nyingine wazo linanijia ambalo siliandiki hapa, halafu namkumbuka mama yule na mafuta yake ya nazi, na ahadi niliyompa kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikumdanganya. Nitarudi.

Mweleze habari ya maji, asidhani nimetoroka. Ananiombea kiwanja kikauke, najua. Bashir ametuma ujumbe kwamba na yeye anaomba. Sista amewaambia hata wagonjwa waombe.

Wewe, Mzee, tafadhali, usiombe bado.

Kadija